Uliza Ukoo wa Neno

Haya wanangu, sogeeni. Leo sina kisa cha sungura wala cha fisi. Nina kisa cha maneno ya Kiingereza yanayofanana hadi yanawanyang'anya alama kwenye mtihani, na kinaanzia hapa Runyenjes, kwenye maduka yanayotazama barabara ya Embu kwenda Meru.

Ukipita mbele ya maduka ya mji wowote wa Kenya, soma vibao. Duka la kuuza madaftari, kalamu na karatasi za manila utalikuta limeandikwa "stationery". Ukienda mbele kidogo utakuta jingine, bidhaa ni zile zile, nalo limeandikwa "stationary". Tofauti ni herufi moja, "e" na "a". Mwalimu amekwisha kuwaambia kwamba "stationery" ni vifaa vya kuandikia, na "stationary" ni kitu kilichosimama tuli. Mnakariri jioni, asubuhi mnaingia mtihanini, na herufi zimeshabadilishana viti. Kukariri bila sababu hakukai kichwani. Basi nitawapa sababu.

Zamani, kabla mashine za kuchapa vitabu hazijabuniwa Ulaya, wafanyabiashara wengi kule walikuwa wachuuzi wa kutembea. Mtu alibeba mzigo mgongoni, leo yuko gulio hili, kesho lile. Lakini katika miji yenye vyuo vikuu, kama Bologna kule Italia, Paris kule Ufaransa na Oxford kule Uingereza, palikuwa na wauzaji wachache waliopewa ruhusa ya kukaa mahali pamoja. Hao waliuza vitabu vilivyoandikwa kwa mkono, na waliwakodishia wanafunzi waliotaka kuvinakili. Watu wa vyuo walizungumza na kuandika Kilatini. Kwa Kilatini kusimama ni "stare", na mahali pa kusimama ni "statio". Kwa hiyo muuzaji asiyehama wakamwita "stationarius". Waingereza walipolichukua jina hilo wakalifupisha likawa "stationer". Mwaka 1403 wauzaji hao wa London waliunda chama chao, na mwaka 1557 chama kikapewa hati ya kifalme.

Sasa tazama. Mwoka mikate ni "baker", na mahali pake ni "bakery". Muuza vitabu na karatasi ni "stationer", na vitu vyake ni "stationery". Ile "e" ni ya mtu, ni ya muuzaji. Neno la pili, "stationary", halikupitia kwa muuzaji. Lilibaki na mkia wa Kilatini wa kueleza sifa, ule ule unaouona katika "ordinary" na "necessary". Matatu iliyozima injini ikisubiri abiria wajae ni "stationary". Na ile steji mnayopandia matatu? Neno "stage" nalo limetoka kwa "stare" hiyo hiyo, likapitia Ufaransa kabla ya kufika Uingereza, na sasa makanga wa Runyenjes analitamka kila siku bila kujua kwamba ametaja neno la Roma.

Nilipowasimulia watoto wa Gredi ya Saba kisa hiki, mmoja akauliza swali lililonifurahisha sana: kwani kila neno la Kiingereza lina kisa? Si kila neno, lakini mengi. Mnajua desturi ya wazee wa Embu. Kijana akija kuposa, hawatosheki na sura yake. Humwuliza muviriga wake, yaani ukoo. Vijana wawili waweza kufanana kama waliozaliwa pamoja, kumbe mmoja ni wa ukoo huu na mwingine ni wa ule. Neno nalo liulizwe hivyo hivyo.

Ukoo mkubwa katika Kiingereza ni huo wa Kilatini. Kilatini kilikuwa lugha ya Roma na nchi iliyoizunguka, iliyoitwa Latium. Leo hakuna kijiji ambamo mama humbembeleza mtoto kwa Kilatini, lakini kimeacha watoto: Kiitaliano, Kifaransa, Kihispania, Kireno na Kiromania. Kiingereza si mtoto wake. Ni ndugu ya Kijerumani na Kiholanzi. Lakini mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, alivuka bahari akaiteka Uingereza, na kwa muda mrefu wakubwa wa nchi hiyo wakawa wanazungumza Kifaransa. Makanisa na vyuo navyo vilitumia Kilatini. Maneno yakamiminika kwa maelfu.

Hilo lisiwashangaze, kwa sababu Kiswahili kimefanya vivyo hivyo. Kiswahili ni lugha ya Kibantu, ndugu ya Kiembu na Kimeru, lakini kimechukua maneno mengi kutoka Kiarabu. Weka pamoja "kitabu", "katibu" na "maktaba". Je, huzisikii k, t na b zikigonga katika yote matatu? Hizo ndizo herufi za mzizi wa neno la kuandika katika Kiarabu. Na mara nyingi nimeona insha zikichanganya "thamani" na "dhamana". Ukiuliza ukoo, mchanganyiko unaisha: "thamani" imetoka kwenye neno la Kiarabu la bei, na "dhamana" imetoka kwenye neno la kubeba jukumu la mwenzako. Ndiyo maana anayekulipia karo ni mdhamini wako, kwa "dh", na ng'ombe mwenye bei kubwa ana thamani, kwa "th".

Turudi kwa Kilatini. Maneno yake mengi yana kiungo kidogo mbele, na kiungo hicho ndicho kinachotofautisha ndugu wawili. "E" au "ex" ni kutoka nje. "In" ni kuingia ndani. "Ad" ni kuelekea kwenye kitu. Kuhama kwa Kilatini ni "migrare". Anayetoka nchi yake akaenda kuishi kwingine amefanya "emigrate". Anayeingia nchi ya wengine akakaa amefanya "immigrate". Mtu ni yule yule, na safari ni ile ile. Jina linategemea umesimama upande gani wa mpaka. Mzaliwa wa Runyenjes aliyehamia Kanada ni "emigrant" kwetu, na kwa Wakanada ni "immigrant". Kiswahili huonyesha jambo hilo mwishoni mwa neno badala ya mwanzoni: kuhama ni kutoka, kuhamia ni kuingia. Ndiyo maana ofisi ya serikali inayogonga muhuri kwenye pasipoti inaitwa Idara ya Uhamiaji.

Lakini kwa nini "emigrate" ina "m" moja, na "immigrate" ina mbili? Hapa ndipo watoto wengi huanguka, na hapa ndipo mtoto wa Kibantu ana nafasi ya kumshinda hata Mwingereza. "E" ilikutana na "migrate", basi, "m" ni moja. "In" ilipokutana na "migrate", ile "n" ilishindwa kusimama mbele ya "m" ikageuka kuwa "m" pia. Ninyi mnafanya hivyo kila siku. Mnasema "mtu mbaya", lakini kuhusu nyumba hamsemi "nyumba nbaya". Ulimi unakataa. Ile "n" ya ngeli inageuka "m" mbele ya "b", tunapata "nyumba mbaya". Na kwa sifa ya urefu ni "barabara ndefu", wala si "nrefu". Mdomo wa Mrumi ulitafuta wepesi ule ule. Kwa hiyo "in" ikiwa mbele ya "p" huwa "im", mbele ya "l" huwa "il", mbele ya "r" huwa "ir". Ukiona herufi zimejipanga mbili mbili mwanzoni mwa neno la Kilatini, shuku kwamba kuna kiungo kilichobadilika sura.

Tumia ujuzi huo kwa "affect" na "effect", maneno yanayowasumbua hata watu wazima wanaoandika magazetini. Yote mawili ni watoto wa "facere", yaani kufanya. "Affect" ni "ad" pamoja na kufanya: kukifikia kitu ukakigusa, ukakibadilisha. "Effect" ni "ex" pamoja na kufanya: kile kilichotokea nje baada ya jambo kufanyika, yaani matokeo. Kiangazi kinaathiri mahindi: "affect". Mahindi kunyauka ni matokeo yake: "effect".

Sasa njooni shambani, maana shamba la Runyenjes limejaa Kilatini kuliko ofisi nyingi za Nairobi. Tuko kwenye miteremko ya kusini mashariki ya Mlima Kenya. Juu karibu na msitu kuna chai, kama ile inayopelekwa kiwanda cha Rukuriri. Chini yake kuna kahawa na makadamia, na ukiteremka zaidi kuelekea Mbeere nchi inakauka. Wataalamu wa mimea huandika majina ya mimea hiyo yote kwa mtindo wa Kilatini. Chai ni "Camellia sinensis", na "sinensis" maana yake ni ya China. Ule mti mrefu wa mukima unaozungushwa kwenye mipaka ya mashamba ni "Grevillea robusta", na "robusta" maana yake ni yenye nguvu. Aina moja ya makadamia ni "Macadamia integrifolia", yaani yenye jani zima, jani ambalo ukingo wake haukukatwakatwa. Na hapo hapo hesabu inajipenyeza: "integer", nambari kamili, ni neno la Kilatini la kitu ambacho hakijaguswa, hakijamegwa. Nusu imemegwa, kwa hiyo haiwezi kuwa "integer". "Integrity" nayo ni ya mtu asiyemegeka kwa hongo.

Katika somo la kilimo mnafundishwa kuhusu mimea ya "annual" na ya "perennial". Mwaka kwa Kilatini ni "annus". Maharagwe na mahindi humaliza maisha yao ndani ya mwaka, basi ni "annual". Kahawa hupita kwenye miaka mingi, na "per" ni kupita katikati, basi ni "perennial". Kabeji na karoti kwa kawaida hutoa majani au mizizi mwaka wa kwanza na mbegu mwaka wa pili, kwa hiyo huitwa "biennial", kwa sababu "bi" ni mbili. Hapa kuwa mwangalifu. "Biennial" ni ya miaka miwili, lakini "biannual" ni mara mbili kwa mwaka. Mkutano wa "biennial" ukiukosa, utasubiri hadi mwaka wa kesho kutwa. Wa "biannual" ukiukosa, utakuja mwingine baada ya miezi sita au karibu na hapo. Nionavyo mimi, haya maneno mawili hayafai kabisa kwa tangazo la mkutano. Ni heri kuandika miezi yenyewe watu wakaelewana.

Kisha lipo "annul", linalofanana na "annual" lakini si la ukoo wake hata kidogo. Limetoka kwa "nullus", yaani hakuna hata kimoja, na "ad" ikiwa mbele imegeuka "an". Kufanya "annul" ni kulifanya jambo liwe kana kwamba halikutokea. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilibatilisha uchaguzi wa urais uliofanyika tarehe 8 Agosti. Magazeti ya Kiingereza yaliandika "annulled". Ukiona "nul", kumbuka "null" ya hesabu, ile ya utupu, wala usitafute mwaka ndani yake.

Wazazi wenu wanaolima kahawa wanajua pia tofauti ya "adopt" na "adapt", hata kama hawajaisoma. Mwaka 1985 watafiti wa kahawa wa kule Ruiru walitoa aina iitwayo Ruiru 11, na mwaka 2010 wakatoa nyingine, Batian, iliyopewa jina la kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Kenya, chenye mita 5,199. Aina hizo zilitafutwa ili zihimili ugonjwa wa matunda ya kahawa na kutu ya majani. Mkulima aliyeacha aina ya kale akachagua Batian amefanya "adopt", kwa sababu "optare" ni kuchagua, na mtoto wake mwingine ni "option". Lakini mkulima aliyebaki na miti yake ya kale, akaipogoa upya na kuiwekea kivuli ili ivumilie jua la siku hizi, amefanya "adapt", kwa sababu "aptus" ni kinachofaa, kinachokaa sawasawa. Wa kwanza alichagua, wa pili alirekebisha.

Embu ina neno jingine ambalo lilivuma hapa kabla halijavuma kwingine Kenya. Mapema mwaka 2014 Bunge la Kaunti ya Embu, na baadaye Seneti, yalipiga kura kumwondoa gavana wa wakati huo. Alikuwa gavana wa kwanza nchini kupigiwa kura hiyo, na baadaye korti ikamrudisha ofisini. Neno lililokuwa kwenye redio zote ni "impeach". Watoto wakadhani lina uhusiano na tunda la pichi, "peach". Halina. Mguu kwa Kilatini ni "pes", na kitu cha kumfunga mnyama mguu ni "pedica". Kutoka hapo lilikuja neno la kufunga miguu, likapitia Kifaransa, likawa "impeach". Ndugu yake ni "impede", kuzuia mtu asiendelee. Ndugu mwingine ni "expedite", kufungua miguu ili kazi iende haraka. Na anayetembea kwa miguu kando ya barabara ni "pedestrian".

Nenda sasa na "ped" hiyo hadi Hospitali ya Consolata, Kyeni. Wamisionari wa Consolata walitoka Torino, Italia, wakafika Kenya mwaka 1902, na hadi miaka ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani, uliofanyika kati ya 1962 na 1965, Misa ya Wakatoliki ilisomwa kwa Kilatini. Kwa hiyo kuna wazee wa Kyeni waliosikia Kilatini utotoni mwao kabla ya kukijua Kiingereza. Hospitali yoyote kubwa ina wodi ya "paediatric". Mtu aliyejifunza "ped" ya mguu anaweza kudhani ni wodi ya waliovunjika miguu. Sivyo. Hiyo ni wodi ya watoto, na neno ni la Kigiriki, ambamo "pais" ni mtoto. Ile "a" iliyosimama baada ya "p" ndiyo inayolitambulisha. Mfano wa pili ni "cardinal" na "cardiac". "Cardiac" ni ya moyo, nayo ni ya Kigiriki. "Cardinal" ni ya Kilatini, kutoka "cardo", bawaba, kile chuma ambacho mlango wote unakizunguka. Kwa hiyo kaskazini, kusini, mashariki na magharibi ni "cardinal points", maana ramani nzima inazitegemea. Mwaka 2007 Papa Benedikto wa 16 alimteua John Njue, mzaliwa wa Embu aliyekuwa askofu wa kwanza wa Jimbo la Embu, kuwa kardinali. Jina la cheo chake ni jina la bawaba.

Nisiwadanganye kwamba ukoo hutatua kila kesi. "Principal" na "principle" ni ndugu wa damu. Yote mawili yametoka kwa "princeps", aliyeshika nafasi ya kwanza, jina lililounganishwa kutoka maneno mawili, la kwanza na la kushika. Hapo mzizi hausaidii, tazama mkia. Mkia wa "al" ni wa sifa, kama katika "annual" na "national", kwa hiyo "principal" ni wa kwanza, mkuu: mkuu wa shule ya sekondari, au zile pesa za kwanza ulizokopa kwenye sacco kabla riba haijaongezwa. "Principle" imetoka kwenye "principium", mwanzo, yaani ile kanuni ambayo mengine yanaanzia hapo.

Na wakati mwingine wasomi wenyewe huwapa maneno ukoo usio wao. "Isle" ni ya Kilatini, kutoka "insula". Lakini "island" ni neno la Kiingereza cha kale, na hapo mwanzo halikuwa na "s" yoyote. Watu waliona yanafanana, wakadhani ni ndugu, wakalichomeka herufi ambayo hadi leo hakuna anayeitamka. Kwa hiyo usibuni ukoo kwa kutazama sura. Fungua kamusi.

Na hapa nina ombi kwa watu wazima wanaowasomea watoto ukurasa huu. Kamusi ndogo nyingi za wanafunzi hueleza maana na matamshi, lakini haziandiki neno lilitoka wapi. Kamusi kubwa zaidi, kama Concise Oxford, huandika asili ya neno mwishoni mwa maelezo yake. Walimu wakuu na wazazi wa Runyenjes, Manyatta na Mbeere, kila shule inunue angalau moja ya namna hiyo, iwekwe kwenye rafu ambayo mtoto anaifikia bila kuomba ufunguo.